VITA VIMEKWISHA, UJIRA WA ASKARI UKO WAPI?

Ndugu msomaji, jina la Kariakoo tunalitaja kila siku, lakini ni wachache wanaokumbuka lilikotoka. Waingereza waliuteka mji wa Dar es Salaam Septemba 4, 1916, na eneo hili likawa kambi ya jeshi lao la wapagazi, Carrier Corps. Wenyeji wakalitamka kwa ulimi wao, likawa Kariakoo. Wiki hii napenda tujiulize swali moja kutokana na historia hiyo: kwa askari, vita huisha lini?

Kwa watawala jibu ni jepesi. Vita Kuu ya Kwanza ilisimamishwa Ulaya Novemba 11, 1918. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alipata habari siku mbili baadaye, na Novemba 25 akaweka silaha chini mjini Abercorn, ambao leo ni Mbala, Zambia. Alikuwa na askari weusi zaidi ya 1,100. Watu hawa walikuwa wametembea kwa miguu hadi Msumbiji na kurudi, wake na watoto wakiwafuata nyuma ya msafara. Wengi wao walikuwa Waislamu wenzetu.

Tumezoea kusema kwamba ile ilikuwa vita ya Wazungu. Ni kweli, lakini hebu tazama ni nani waliokuwa wakilengana bunduki. Mwaka 1917 Waingereza waliunda kikosi cha sita cha KAR kwa kutumia askari waliokuwa wa Wajerumani kabla ya kutekwa. Mtu aliyekula nawe sahani moja mwaka jana, mwaka huu yuko ng'ambo ya mto anakungoja. Kwa wenyeji wa nchi hii mimi naona ile ilikuwa vita ya ndugu kwa ndugu, ingawa vitabu haviiti hivyo.

Je, askari yule aliyechoka alipata nini? Katika miaka ya mwisho hakuwa akilipwa mshahara. Silaha zilipowekwa chini alipewa karatasi ya kuonyesha anachodai. Akapelekwa kambini Tabora, na huko homa ya mafua iliyozagaa dunia nzima mwaka ule ikaua watu waliokuwa wamenusurika na risasi. Ujerumani ilikuja kulipa malimbikizo hayo katikati ya miaka ya 1920. Kufikia hapo wengine walishakufa na wengine walishatawanyika.

Chukua mfano wa mtoto wa mji huu, Mahjub bin Adam Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Baba yake alikuwa askari wa Kisudani. Vita vilipoanza kijana huyu aliingizwa jeshini pamoja na baba yake, akiwa na miaka kumi tu. Oktoba 1917 alijeruhiwa katika mapigano ya Mahiwa, mkoani Lindi, akatekwa. Baadaye akafanya kazi melini, na mwaka 1929 akafika Berlin kudai mshahara wake na wa baba yake. Aliambiwa amechelewa. Akabaki huko akiitwa Bayume Mohamed Husen. Alihudumu hotelini, akaigiza katika filamu na kusaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu. Mwaka 1941 utawala wa Hitler ulimkamata kwa sababu ya uhusiano wake na mwanamke mzungu. Akafia katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen Novemba 24, 1944.

Ndugu zangu, amechelewa kwa nani? Mtume (SAW) ametufundisha kwamba mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Na akifa kabla ya kulipwa, ujira wake ni sehemu ya mirathi, haki ya warithi wake. Kijana yule hakwenda Berlin kuomba sadaka. Alikwenda kudai haki yake na mirathi ya baba yake. Ofisi inaweza kufunga faili, lakini mbele ya Mwenyezi Mungu deni halifi kwa sababu tarehe imepita.

Waingereza nao hawakuwa bora. Kumbukumbu zao wenyewe zinahesabu wapagazi zaidi ya 95,000 waliokufa, wengi kwa maradhi na njaa, na ujira wa wengi wao haukuwafikia jamaa zao. Mwaka 1927 ikasimamishwa Sanamu ya Askari tunayoiona hadi leo Mtaa wa Samora. Sanamu ni heshima, lakini hailipi deni.

Sasa tujiangalie sisi. Kuwalaumu wakoloni ni rahisi. Lakini katika Kariakoo hii hii, iliyopewa jina na wapagazi, ni mara ngapi nimesikia kuli aliyepandisha marobota ghorofa ya nne akiambiwa "njoo kesho"? Mlinzi aliyekesha mlangoni kwa tajiri anazungushwa miezi miwili. Mwenye duka huyo utamkuta safu ya mbele msikitini.

Nashauri mambo mawili. Kwanza, tuandike madeni yetu kama Qur'an inavyotuamrisha, na ujira wa watumishi wetu uwe wa kwanza katika orodha, ili hata tukifa warithi wajue wa kumlipa. Pili, aliyetufanyia kazi leo alipwe leo. Kwa yule askari, vita havikuisha Novemba 1918. Viliendelea kwa kadiri ujira wake ulivyobaki mikononi mwa wengine.

Wabillahi tawfiq.