Fueli Kiasi Gani? Hesabu ya Seli ya Fueli kwa Vyombo vya Mkononi

Seli ya fueli, kama betri, huzalisha umeme kutokana na mmenyuko wa kikemia. Lakini betri huishiwa na kemikali zilizomo ndani yake, ilhali seli ya fueli hufanya kazi maadamu inaletewa fueli na oksijeni. William Grove alionyesha kanuni hii mwaka 1839. Mwaka 1965 chombo cha anga cha Marekani, Gemini 5, kilitumia seli za aina hii. Anayetaka kuitumia katika redio au simu hana budi kujiuliza: ibebwe fueli kiasi gani?

Tuchukue chombo kinachotumia wati 2 kwa saa 10:

Nishati = 2 × 10 × 3,600 = jouli 72,000.

Nishati ikigawanywa kwa volti hutupatia chaji. Kinadharia seli ya hidrojeni hutoa volti 1.23, lakini inapotoa mkondo hushuka hadi 0.7 hivi, tofauti hiyo hupotea kama joto. Basi:

Chaji = 72,000 ÷ 0.7 = kulombi 102,900 takriban.

Moli moja ya elektroni hubeba kulombi 96,500. Kwa hiyo tunahitaji moli 1.07 za elektroni. Kila molekuli ya hidrojeni hutoa elektroni 2, hivyo yatosha moli 0.53, yaani gramu 1.07.

Mwanafunzi asidhani kwamba kuunganisha seli sita kwa mfululizo kutapunguza fueli. Mkondo hupungua mara sita, lakini unapita katika seli sita, jumla haibadiliki.

Gramu moja yaonekana kuwa kitu kidogo. Hata hivyo, katika halijoto ya 25°C na kanieneo la angahewa moja, moli moja ya gesi huchukua lita 24.5. Hidrojeni yetu basi ni lita 13, zaidi ya nusu ya ndoo ya lita 20! Nani ataitia mfukoni?

Sasa tuangalie methanoli, ambayo ni kimiminiko. Molekuli yake moja hutoa elektroni 6, lakini seli yake hutoa volti 0.4 tu hivi:

Chaji = 72,000 ÷ 0.4 = kulombi 180,000;
Elektroni = moli 1.87;
Methanoli = moli 0.31, au gramu 10.

Tuseme asilimia 20 ya methanoli hupenya utando wa seli bila kutoa umeme. Tugawe kwa 0.8: gramu 12.4, ambazo ni karibu mililita 16. Uzito umezidi mara kumi na zaidi, lakini ujazo umepungua mara mia nane. Ndiyo maana Dynario, kifaa cha kuchajia simu kilichouzwa na Toshiba nchini Japani mwaka 2009, kilitumia methanoli. Walimu wakumbuke kwamba methanoli ni sumu inayoweza kupofusha na kuua. Hesabu hii ifanywe ubaoni.

Zoezi: Redio hutumia wati 0.5 kwa saa 12. Tafuta hidrojeni na methanoli inayohitajika, kwa volti na upotevu ule ule. (Majibu: hidrojeni gramu 0.32, au lita 3.9, methanoli gramu 3.7.)