Kivuli Kwenye Mapafu Si Lazima Kiwe Saratani

Kwa wengi wanaofanya kazi River Road, kikohozi hulaumiwa kwa moshi wa matatu na vumbi. Hununuliwa dawa ya maji, na biashara huendelea. Lakini kikohozi kinapopita wiki mbili, mwili ukakonda na pumzi ikakatika kwenye ngazi, picha ya eksirei huenda ikaonyesha vivuli kwenye mapafu yote mawili. Hapo familia huingiwa na hofu ya saratani iliyokwisha kuenea.

Huenda ikawa saratani. Huenda pia ikawa kifua kikuu, au ugonjwa adimu uitwao sakoidosisi.

Sakoidosisi ni nini?

Ni ugonjwa ambao chembe za kinga ya mwili hujikusanya na kufanya vinundu vidogo, hasa kwenye mapafu na tezi za kifuani. Macho, ngozi, ini na moyo pia huweza kuathirika. Chanzo chake hakijajulikana, na hauambukizwi. Jina lenyewe linaeleza tatizo: mwaka 1899, daktari Caesar Boeck wa Norwe aliona vinundu vya ngozi vilivyofanana na saratani aina ya sakoma, akaviita sakoidi.

Hutofautishwaje?

Eksirei huonyesha kivuli. Haisemi kimeletwa na nini. Kwa hivyo uchunguzi hufuata hatua:

1. Makohozi hupimwa kwa mashine ya GeneXpert kutafuta vimelea vya kifua kikuu.
2. Picha ya CT huonyesha vinundu na tezi zilikokaa.
3. Kipande kidogo cha nyama hutolewa kwenye pafu au tezi, mara nyingi kwa mrija mwembamba unaopitishwa kooni, kisha hutazamwa kwa darubini. Seli za saratani zikionekana, jibu limepatikana. Vinundu visivyooza katikati, na visivyo na vimelea, huelekeza kwenye sakoidosisi.

Hatari ya kujitibu

Sakoidosisi hutibiwa kwa prednisoloni pale inapohitajika. Wagonjwa wengi hupata nafuu hata bila dawa. Lakini dawa hiyo hiyo hupunguza kinga. Mwenye kifua kikuu akiitumia bila kupimwa, anaweza kujisikia vizuri kwa muda huku ugonjwa ukienea. Wakazi wanashauriwa wasiinunue bila maagizo ya daktari.

Pa kuanzia

Wakazi wa katikati ya jiji wanaweza kufika Kituo cha Afya cha Ngara. Wa upande wa magharibi, Kangemi au Riruta. Matibabu ya kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya umma. Anayekohoa damu asisubiri wiki mbili.

Mgonjwa akiambiwa ana saratani ya mapafu, ana haki ya kuuliza: kifua kikuu kimepimwa? Kipande cha nyama kimechukuliwa? Majibu ya maabara yanasemaje? Maswali haya yaulizwe kabla ya familia kuuza shamba au kukata tamaa.