Somo la Uraia: Kiongozi Wako Amepata Asilimia Ngapi, na Ni Nani Aliyehesabu?

Wakazi wengi wa kaunti yetu wamewahi kupokea kwenye simu picha yenye majina ya viongozi na alama zao. Mbunge fulani amepata asilimia 71. Mwakilishi Wadi fulani ameshika nafasi ya tatu nchini. Mwingine ameandikwa kwenye orodha ya "mabubu". Picha za aina hiyo zitazidi kadiri tunavyokaribia Uchaguzi Mkuu wa Agosti 10, 2027, na wapo watakaopiga kura kwa kuzifuata.

Toleo hili linaeleza jinsi alama hizo zinavyopatikana, ili kila mkazi aweze kuzipima mwenyewe. Jarida hili halimpi kiongozi yeyote alama. Bunge la Kaunti ndilo linaloisimamia Serikali ya Kaunti, na haifai anayesimamiwa kumsahihishia msimamizi wake mtihani.

Aina nne za kadi za alama

Kadi ya alama ni jedwali linalogeuza kazi ya kiongozi kuwa nambari. Zipo za aina nne, na kila moja hujibu swali lake.

Ya kwanza huhesabu kura. Kundi la utetezi huchagua kura chache zinazohusu ajenda yake, kisha huangalia nani alipiga kura upande wake. Nchini Marekani utaratibu huu ni wa miaka mingi. Shirika la Americans for Democratic Action lilianza mwaka wa 1947, na kwa desturi huchagua kura 20 kila mwaka. League of Conservation Voters, linalotetea mazingira, limetoa kadi yake tangu 1970. Alama hapa haimaanishi kwamba kiongozi ni mzuri au mbaya. Humaanisha tu kwamba anakubaliana na kundi hilo kwa kiasi fulani.

Ya pili huhesabu ushiriki. Hapa Kenya, shirika la Mzalendo hutoa ripoti inayoonyesha mara ambazo wabunge na maseneta wamezungumza, kwa kufuata Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za yanayosemwa bungeni.

Ya tatu hupima ufanisi wa kutunga sheria. Wasomi wawili wa Marekani, Craig Volden na Alan Wiseman, hufuata kila mswada wa mbunge katika hatua tano: kuwasilishwa, kushughulikiwa na kamati, kushughulikiwa baada ya kamati, kupitishwa na bunge, na kuwa sheria. Mswada wa sherehe au ukumbusho una uzito wa 1, mswada wa kawaida 5, na mswada mzito 10. Kwa njia hiyo, mtu aliyewasilisha miswada kumi ya kutaja majina ya majengo hampiti kwa urahisi aliyefikisha mwisho mswada mmoja mzito.

Ya nne ni kura ya maoni. Watu huulizwa wanamwonaje kiongozi wao. Hii hupima umaarufu, wala haisomi rekodi yoyote ya bunge. Ndiyo inayosambaa zaidi, na mara nyingi huchukuliwa kimakosa kuwa ni rekodi.

Hesabu moja, majibu mawili

Tuchukue mfano. Kundi limechagua kura 10. Kiongozi aliunga mkono msimamo wa kundi mara 6, akaupinga mara 2, na mara 2 hakuwepo. Ikiwa kutokuwepo kunahesabiwa kama kupinga, amepata 6 kati ya 10, yaani asilimia 60. Ikiwa siku hizo mbili zinaondolewa, amepata 6 kati ya 8, yaani asilimia 75. Ni mtu yuleyule na rekodi ileile, lakini alama zimepishana kwa 15.

Hakuna aliyedanganya hapo. Kila mmoja amefuata kanuni yake. Kwa hivyo kadi isiyoeleza kanuni zake haikupi njia ya kujua alama zake zina maana gani.

Kura nyingi hazina majina

Kadi ya kura ina tatizo jingine hapa kwetu. Bungeni maamuzi mengi hufanywa kwa sauti. Spika huuliza, wanaokubali husema "Ndio", wanaopinga husema "La", naye hutangaza upande ulioshinda. Hansadi huonyesha kwamba hoja ilipita, lakini haionyeshi mbunge wako alisema nini.

Majina huonekana pale kura inapohesabiwa mbunge kwa mbunge. Juni 25, 2024, Bunge la Taifa lilipitisha Mswada wa Fedha kwa kura 195 dhidi ya 106, na orodha ya majina ikasambaa nchini kote. Siku iliyofuata Rais alitangaza kwamba hatautia saini. Orodha hiyo ilijibu swali moja kwa uhakika: nani alipiga kura gani siku hiyo. Haikueleza lolote kuhusu kazi nyingine za wabunge hao katika kipindi chote.

Kwa Seneti, kumbuka Kifungu cha 123 cha Katiba. Katika mambo yanayohusu kaunti, kila ujumbe wa kaunti una kura moja, na hupigwa na kiongozi wa ujumbe. Si haki basi kumlaumu seneta mteule kwamba jina lake halimo kwenye kura ya aina hiyo.

Mwakilishi Wadi apimwe kwa lipi?

Hapa ndipo wengi wetu hupotoka. Tunamsifu Mwakilishi Wadi kwa michango ya harambee, kuhudhuria mazishi na kusimamia tingatinga barabarani. Hata hivyo, Kifungu cha 9 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinamtaka awe karibu na wakazi, awasikilize, apeleke maoni yao bungeni na ahudhurie vikao. Kifungu hichohicho kinamkataza kujihusisha na kazi za utendaji za Serikali ya Kaunti au kutoa huduma kana kwamba yeye ni ofisa wake.

Kwa hivyo, zahanati isipokuwa na dawa, kosa la Mwakilishi Wadi si kwamba hakuzinunua. Swali ni hili: je, aliuliza bungeni fedha zilizotengwa zilikwenda wapi? Tukimpa alama kwa harambee pekee, atakuwa hodari wa harambee, na bajeti itapita bila kuulizwa.

Tukumbuke pia kamati. Kazi kubwa ya kuchambua bajeti na ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hufanyika huko, na hesabu ya hotuba za ukumbini haiioni. Kiongozi wa wengi bungeni au mwenyekiti wa kamati naye husimama mara nyingi kwa sababu ya cheo chake. Mlinganishe na wenye cheo kama chake.

Maswali matano kabla ya kusambaza

1. Nani ametoa kadi hii, na anatetea nini?
2. Amepima nini: kura, hotuba, miswada au maoni ya watu?
3. Nani alichagua kura au vigezo hivyo, na ni vingapi?
4. Asiyekuwepo amehesabiwa vipi?
5. Je, rekodi aliyotumia inapatikana ili nami niisome?

Kadi isiyojibu swali la tano, usiisambaze.

Tengeneza kadi yako

Kikundi cha wadi, chama cha akina mama au vijana wa kijiji wanaweza kutengeneza kadi yao kwa daftari moja. Andikeni safu nne: vikao alivyohudhuria, maswali na hoja alizoleta kuhusu wadi, kamati aliyomo na ripoti zake, na mikutano aliyoitisha kusikiliza wakazi. Amueni kanuni kabla ya kuanza kuhesabu, na mzitumie kwa miaka yote.

Rekodi ni zenu. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka Bunge la Kaunti lifanye vikao vyake na vya kamati zake hadharani. Ombeni Hansadi na rejesta ya mahudhurio kwa Karani wa Bunge. Mkikosa, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inawaruhusu kuandika ombi kwa Kiswahili au Kiingereza, na ofisi husika inapaswa kutoa uamuzi ndani ya siku 21. Kuhusu mahudhurio, fahamuni kwamba Kifungu cha 194 kinaeleza kuwa Mwakilishi Wadi anayekosa vikao vinane katika kipindi kimoja cha bunge, bila ruhusa ya Spika wala sababu ya kuridhisha, anaweza kupoteza kiti.

Mkimaliza, msomeeni Mwakilishi Wadi matokeo kabla ya kuyatangaza, na mumpe nafasi ya kujibu. Huenda alikuwa mgonjwa, huenda hoja yake imekwama kwenye kamati, na huenda hana la kusema. Majibu yake nayo yaandikwe daftarini, kando ya alama.