Kukausha Pikipiki Baada ya Kuiosha

Bila shaka umekwisha kumwona dereva akiosha pikipiki yake. Huimwagia maji, huisugua kwa sabuni, kisha huisuuza mpaka tope lote litoke. Madereva wengine huondoka papo hapo, maji yakiwa bado yanachuruzika. Wengine huchukua kitambaa kikavu na kuifuta kwanza. Je, kazi hiyo ya kufuta ina faida gani, ikiwa jua litaikausha pikipiki bure?

Jaribio la 1. Chukua sahani pana na kikombe. Tia vijiko viwili vya maji katika sahani, na vijiko viwili katika kikombe. Viweke vyote viwili juani, mahali pamoja, uvitazame kila baada ya nusu saa. Ni kipi kilichokauka kwanza?

Utaona kwamba sahani hukauka mapema. Maji hugeuka kuwa mvuke usioonekana na kuingia hewani. Kitendo hiki huitwa uvukizi, nacho hutokea pale maji yanapokutana na hewa. Katika sahani maji yameenea, kwa hiyo hewa huyafikia kwa wingi. Katika kikombe yamejikusanya pamoja. Joto na upepo huharakisha uvukizi. Ndiyo maana nguo hukauka upesi siku ya jua na upepo.

Sasa itazame pikipiki. Tangi na vikinga matope ni kama ile sahani. Lakini katikati ya vipande vya mnyororo, chini ya kiti na kandokando ya skrubu, maji hujificha kama yale ya kikombe, na jua haliyafikii. Yanaweza kukaa humo siku nzima au zaidi.

Jaribio la 2. Tafuta misumari minne mipya ya chuma na chupa nne safi. Katika chupa ya kwanza, iliyo kavu kabisa, weka msumari mkavu na uizibe. Katika ya pili, weka msumari na maji yanayoufunika nusu. Katika ya tatu, tia msumari, kisha maji ya kawaida yaliyotiwa chumvi kijiko kimoja, nayo pia yaufunike nusu. Kwa chupa ya nne, mwombe mwalimu achemshe maji kwa muda wa dakika 10 ili hewa iliyomo itoke. Yakipoa kidogo, ayatie polepole mpaka yaufunike msumari wote, kisha amimine mafuta ya kupikia juu yake. Mafuta huelea, nayo huizuia hewa isiingie tena. Tazama misumari yako kila siku kwa muda wa juma moja, uandike unayoyaona katika daftari lako.

Msumari wa chupa ya pili na ule wa chupa ya tatu itashika kutu, na ule wa maji ya chumvi kwa kawaida hutangulia. Msumari wa chupa ya kwanza ulipata hewa bila maji. Wa nne ulipata maji bila hewa. Yote miwili itabaki safi, au itapata kutu kidogo mno. Basi chuma hakishiki kutu mpaka kipate maji na oksijeni iliyo hewani, vyote viwili. Hewa hatuwezi kuiondoa katika pikipiki; maji twaweza. Watu wa pwani wana sababu ya kujali zaidi, kwa kuwa upepo wa baharini huleta chumvi.

Baada ya mnyororo kufutwa na kukauka, hupakwa mafuta. Mafuta hayo hufanya kazi ile ile uliyoiona katika chupa ya nne. Lakini yasiguse breki wala matairi, maana yatateleza.

Dereva mzoefu huwasha injini kwa dakika kadhaa baada ya kufuta, ili joto lake likaushe mahali ambapo kitambaa hakifiki. Injini ikizimwa mapema mno, bomba la moshi hubaki na maji ndani. Maji hayo hayakutoka katika ndoo tu. Petroli inapoungua hutoa mvuke wa maji, na lita moja ya petroli hutoa maji yapatayo lita moja! Bomba likiwa baridi, mvuke huo hugeuka tena kuwa matone, na kutu huanza kwa ndani.

Hadhari. Injini isiwashwe ndani ya nyumba wala banda lililofungwa. Moshi wake una gesi iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Kuwasha ni kazi ya mwenye pikipiki. Wewe tazama tu, ukiwa mbali na bomba, kwani huunguza.

Tumeacha jambo kubwa kuliko kutu. Breki husimamisha gurudumu kwa msuguano. Maji yakiingia kati ya sehemu zinazosuguana, msuguano hupungua na pikipiki huchelewa kusimama. Pikipiki nyingi zina breki ya ngoma katika gurudumu la nyuma, na kitambaa hakiwezi kuingia ndani ya ngoma hiyo. Kwa hiyo dereva huendesha polepole mahali pasipo na watu wala magari, huku akibonyeza breki kidogo kidogo mara kadhaa. Msuguano huleta joto, na joto hukausha maji. Ndipo apakie abiria.

Maswali
1. Kwa nini mnyororo huchelewa kukauka kuliko tangi?
2. Chupa ya nne ilikuwa na maji. Mbona msumari wake haukushika kutu?
3. Sugua viganja vyako vikiwa vikavu, kisha uvisugue vikiwa na maji mengi. Waona tofauti gani? Ihusishe na breki.
4. Weka tone la maji ya kisima juu ya kipande cha kioo, liache likauke juani. Je, limeacha alama? Eleza alama hiyo imetoka wapi.
5. Chunguza baiskeli au jembe la nyumbani kwenu. Kutu imeanzia sehemu gani, na kwa nini hapo?