Bidoni Moja Kabla ya Mbwa: Kijitabu cha Afya kwa Nyumba za Kibumba

Kibumba hatuna mto. Mvua ikinyesha kwenye udongo huu wa volkano, maji yanazama kati ya mawe kabla mtu hajachota. Ndiyo maana kila mwenye bati anakinga, na kiangazi kikikaza tunanunua maji kwa bidoni. Kwa hiyo anayetaka kuleta mbwa nyumbani tunamwomba jambo moja kwanza, kabla ya kamba na kabla ya kibanda: aweke pembeni bidoni ya lita 20 iliyojaa, na kipande cha sabuni ambacho hakuna ruhusa kukifulia. Maji hayo si ya kumnywesha mbwa. Ni ya siku mtu atakapong'atwa.

Tunamaanisha ugonjwa wa kichaa cha mbwa, ambao wengi hapa wanauita raji. Virusi vyake vinakaa kwenye mate ya mnyama mgonjwa. Jino likitoboa ngozi, au ulimi ukilamba kidonda, vinaingia na kufuata mishipa ya fahamu polepole hadi kwenye ubongo. Safari hiyo kwa kawaida inachukua miezi miwili au mitatu. Kuna waliougua baada ya wiki moja, na wengine baada ya mwaka. Mgonjwa akishaanza kuogopa maji na kukabwa koo kila anapojaribu kunywa, hakuna dawa ya kumrudisha, si hapa wala Ulaya. Lakini kabla ya dalili hizo, karibu kila anayetibiwa vizuri anaokoka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba raji inaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote waliipata kwa mbwa. Watoto ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu ndio wanaocheza naye.

Namna ya kuosha

Kidonda kioshwe palepale, kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa dakika 15. Virusi hivi vimefunikwa na utando wa mafuta, na sabuni inauharibu utando huo kama inavyoondoa mafuta kwenye sufuria. Nyumba nyingi zinashindwa kwa sababu ya maji: watu wanamwaga kikombe kimoja, damu inakata, wanafunga kitambaa. Fanyeni hivi. Mmoja ainamishe bidoni, amimine uzi mwembamba, kama lita moja kwa dakika. Mwingine asugue kwa sabuni, afungue kidonda kwa vidole ili maji yaingie ndani, asuuze, apake sabuni tena. Tazameni dakika kwenye simu, maana robo saa ni ndefu kuliko mnavyodhani, hasa mtoto akiwa analia. Kwa mwendo huo lita 20 zinatosha na zinabaki.

Msipake pilipili, majivu, wala mafuta ya gari. Jiwe jeusi, ambalo wengi wetu tunaliamini, halivuti virusi nje. Linachofanya ni kupoteza saa ambazo mgonjwa angekuwa njiani kwenda kuchanjwa.

Halafu twende kituo cha afya siku hiyohiyo. Chanjo ya raji haipatikani kila kituo, kwa hiyo pigeni simu au ulizeni kabla ya kulipa pikipiki ya Goma. Katika ratiba inayotumika sana, sindano ya kwanza inachomwa siku ya kufika, nyingine siku ya tatu baadaye, nyingine siku ya saba, na ya mwisho kati ya siku ya 14 na ya 28. Kidonda kinachotoka damu kinahitaji pia serumu inayochomwa ndani ya kidonda chenyewe. Ulizeni habari yake kwa kuitaja jina.

Na jambo hili tunaliomba kwa moyo wote: msimchape mtoto aliyeng'atwa. Mtoto anayejua atapigwa kwa sababu alimchokoza mbwa, au alipita alikokatazwa, ataficha mguu chini ya suruali. Mama atakuja kujua baada ya miezi miwili, mtoto anapokataa kikombe cha chai.

Mbwa gani, kutoka wapi

Chukueni mtoto wa mbwa aliyekaa na mama yake wiki nane. Anayetolewa mapema hajafundishwa na ndugu zake kiasi cha kuuma, na anakua na meno yasiyo na adabu. Mtazameni mama pia: mama mwoga na mkali mara nyingi anazaa watoto wa namna yake.

Kuna mbwa wengine tunaowajua sote. Vita vya mwisho wa 2022 vilipotukimbiza kuelekea Kanyaruchinya, tulipandisha watoto, magodoro na masufuria. Mbwa hawakupandishwa. Waliobaki walijitafutia, wakazaliana, na anayerudi leo anaweza kumkuta mbwa mkondefu amelala kwenye uwanja wake kama mwenye nyumba. Kumhurumia ni sawa. Ila msimwingize kati ya watoto siku hiyohiyo. Afungwe pembeni, alishwe na mtu mzima mmoja, aonwe na veterineri na achanjwe kwanza. Akionekana kubadilika tabia, msimguse kabisa.

Usiku wa kwanza

Kibumba kuna baridi, na kambwa kalikozoea joto la ndugu zake katalia. Kakiwekwa juu ya jiwe la volkano, katatetemeka hadi asubuhi. Pangeni mbao mbili, juu yake gunia lenye majani makavu, na kitambaa kilicholaliwa na mama yake. Kwa usiku mbili tatu kawe na mtu karibu, kasikie sauti, lakini kasilale kitandani na watoto: viroboto, funza na minyoo vinahama bila kuaga.

Mbwa apewe mabaki ya ugali, viazi na samaki. Mapafu na maini kutoka machinjioni yachemshwe, kwa sababu yakiwa mabichi yanampa mbwa minyoo inayoweza kumvimbisha mtu ini miaka baadaye. Dawa ya minyoo ianze mapema, akiwa na wiki mbili, bado kwa mama yake, kama inawezekana, na irudiwe kama veterineri atakavyosema.

Kuhusu kinyesi, wengine watawaambia mchimbe shimo. Wazee wetu wanakumbuka kambi ya wakimbizi ya 1994 hapa Kibumba, jinsi mwamba ulivyokataa majembe hata kwa choo cha watu. Basi kizoeni kwa koleo na majivu, kitupwe chooni kila asubuhi, kabla mtoto hajatambaa uani. Na mbwa asifike kabisa kwenye pipa la maji ya bati.

Chanjo

Mbwa akifika miezi mitatu achanjwe raji, arudiwe baada ya mwaka mmoja, kisha kwa muda utakaoandikwa kwenye kadi. Kadi ikae pamoja na kadi za chanjo za watoto. Ikija kampeni ya mbwa wote, pelekeni hata wadogo zaidi, msiwaache nyumbani. Inawezekana kabisa kuumaliza ugonjwa huu katika nchi zetu. Kisiwani Pemba, kuchanja mbwa kwa wingi kuliumaliza. Ulipoingizwa tena mwaka 2016 walirudia chanjo hadi ukakatika. Panapochanjwa mbwa 70 katika kila 100, virusi vinakosa pa kupita.

Anayekaa karibu na mpaka wa Hifadhi ya Virunga amfunge mbwa wake. Mwaka 1994 ugonjwa mwingine unaohusishwa na mbwa wa vijijini, distempa, uliua takriban theluthi ya simba wa Serengeti. Sokwe na wanyama wa mlima wetu hawahitaji mgeni wa namna hiyo.

Mbwa akibadilika

Wengi wanasubiri kumwona akikimbia huku na huku na povu mdomoni. Raji nyingine ni ya kimya. Mbwa anajificha gizani, sauti inabadilika, taya linalegea, mate yanadondoka, chakula kinamshinda, na kila mtu anasema amekwamwa na mfupa. Baba mwema anakunja mkono wa shati, anamfungua mdomo na kuingiza vidole kuutafuta. Mfupa haupo, na mkono umeshaloa mate. Usiingize mkono. Mfungie, muite veterineri, na kama umeshamgusa, chukua bidoni na sabuni, kisha uende kituoni.

Mbwa aliyeng'ata mtu na anayeonekana mzima msimuue kwa hasira. Mfungeni siku 10 mahali salama, mkimtazama. Akibaki mzima na kula siku ya kumi, mate yake hayakuwa na virusi siku aliyong'ata, na daktari anaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Akifa au akitoweka, zinaendelea hadi ya mwisho. Lakini sindano ya kwanza haisubiri siku hizo 10.

Na jioni hiyohiyo, bidoni ijazwe tena.