Mifupa ya Katikati ya Mguu Ikihama: Yafahamu Matibabu Kabla ya Kutia Sahihi

Somo letu la afya safari hii linahusu jeraha ambalo wengi hulichukulia kuwa ni kuteguka tu: kuvunjika au kuhama kwa mifupa ya katikati ya mguu. Linaweza kumpata yeyote: anayekosea ngazi moja akishuka, anayeteleza kwenye barafu, mchezaji aliyeangukiwa kisigino hali vidole vyake vimekita chini, aliyepata ajali ya gari, au mfanyakazi wa ghala aliyeangukiwa na mzigo. Likigunduliwa mapema na kutibiwa vizuri, wengi hurudi kwenye shughuli zao. Likiachwa, mguu unaweza kulala bapa na kuuma miaka yote. Kwa familia ambayo kodi ya nyumba inatoka kwenye kazi ya kusimama kutwa, hilo si jambo dogo.

Mguu ulivyojengwa

Weka kidole juu ya mguu wako, katikati ya njia kati ya kifundo na vidole. Hapo ndipo mifupa mirefu mitano inayoelekea vidoleni inapokutana na mifupa midogo minne iliyopangwa safu. Madaktari hupaita kwa jina la Lisfranc, daktari mpasuaji wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1847. Jina hilo utalisikia hospitalini, kwa hiyo likariri.

Mifupa hiyo imepangwa kama mawe ya tao la daraja. Mfupa mrefu wa pili umeingia ndani kidogo kuliko wenzake, ukabanwa pande zote, nao ndio unaolifunga tao. Kinachoushika ni kano, yaani kamba imara ya mwili inayofunga mfupa kwa mfupa. Kano hiyo inapita mshazari kutoka kwenye mfupa mdogo wa upande wa kidole gumba hadi kwenye shina la mfupa mrefu wa pili. Kati ya mashina ya mfupa mrefu wa kwanza na wa pili hakuna kano nyingine ya kuyafunga pamoja. Ndiyo maana kano hii moja ikikatika, tao lote linaweza kulegea hata kama hakuna mfupa uliovunjika.

Dalili ambazo hupaswi kuzipuuza

- Maumivu na uvimbe juu ya mguu, katikati, si kwenye kifundo.
- Kushindwa kukanyaga, au kushindwa kusimama kwa vidole.
- Damu iliyovilia chini ya ngozi ya unyayo. Ukiona unyayo umepiga weusi au zambarau, mwonyeshe daktari, hata kama hakukuuliza.

Picha ya eksirei iliyopigwa ukiwa umelala inaweza kuonekana haina kasoro, kwa sababu mguu usiobeba uzito huiacha mifupa irudi mahali pake. Vitabu vya tiba ya mifupa hutaja mara nyingi kwamba karibu majeraha 20 kati ya 100 ya aina hii hayagunduliwi siku ya kwanza. Kwa hiyo, kama uliambiwa umeteguka tu, na baada ya wiki moja bado huwezi kukanyaga, rudi. Uliza kama unaweza kupigwa picha ukiwa umesimama, miguu yote miwili, ili ule mzima ulinganishwe na ule unaouma. Pengo la zaidi ya milimita 2 kati ya mifupa ni ishara kwamba huenda tao limefunguka. Picha ya CT nayo huonyesha vipande vidogo ambavyo eksirei haikuviona.

Wengi wetu tumezoea kukandwa kwa maji ya moto au kuvutwa na fundi wa mifupa. Kwa jeraha hili usikubali. Kuvuta na kukanda kunaweza kuisogeza zaidi mifupa ambayo tayari imelegea, na kuongeza uvimbe.

Kuna hali moja ambayo ni ya dharura. Ikiwa maumivu yanazidi kila saa hata baada ya dawa, mguu umekuwa mgumu kwa uvimbe, na vidole vinakufa ganzi au vinakuwa baridi, usingoje asubuhi. Nenda kwenye chumba cha dharura. Shinikizo ndani ya mguu linaweza kuua misuli.

Kwa nini upasuaji

Kama picha zinaonyesha mifupa imetulia mahali pake hata ukiwa umesimama, kiatu kigumu cha hospitali au plasta kwa wiki kadhaa huweza kutosha. Mifupa ikiwa imehama, au inahama ukikanyaga, kwa kawaida daktari atashauri upasuaji. Lengo ni kuirudisha kila mfupa mahali pake hasa, kisha kuishika hapo mpaka ipone. Jambo la kwanza ni kukaa sawasawa kwa mifupa. Chuma ni msaidizi tu.

Usishangae ukiambiwa usubiri wiki moja au mbili. Ngozi iliyovimba ikipasuliwa huchelewa kufunga na huweza kuoza. Daktari husubiri mpaka ngozi ianze kuonyesha mikunjo. Katika siku hizo inua mguu juu ya usawa wa moyo na usiukanyagie.

Njia za kuishika mifupa

Skrubu. Mifupa inarudishwa mahali pake, kisha skrubu inapitishwa kutoka mfupa hadi mfupa. Ni njia ya miaka mingi na inashika kwa nguvu. Kasoro yake ni kwamba skrubu inapita katikati ya kiungo na kutoboa gegedu, ule utando laini unaofanya mifupa iteleze. Pia inaweza kukatika ukianza kutembea, kwa hiyo madaktari wengi huiondoa baada ya miezi kadhaa. Hiyo ni safari ya pili ya upasuaji.

Bamba. Kipande chembamba cha chuma kinalazwa juu ya kiungo kama daraja, na skrubu zake zinaingia kwenye mifupa ya pande mbili bila kugusa gegedu. Linafaa hasa pale mfupa ulipovunjika vipande vipande. Linahitaji mpasuo mkubwa kidogo, na mara nyingi nalo huondolewa baadaye.

Uzi wenye vifungo. Uzi imara sana unapitishwa ndani ya mifupa na kufungwa kwa vifungo viwili vidogo vya chuma, kufanya kazi ya ile kano iliyokatika. Unaruhusu mwendo kidogo na kwa kawaida hauhitaji kutolewa. Hutumika zaidi pale ambapo kano imekatika lakini mifupa haikuvunjika vibaya.

Nyaya nyembamba. Hizi hutumika sana upande wa kidole kidogo, kwenye mfupa mrefu wa nne na wa tano. Viungo vya upande huo vinahitaji kucheza ili mguu uweze kukanyaga ardhi isiyo sawa, kwa hiyo havifungwi moja kwa moja. Nyaya hutolewa baada ya wiki sita hivi.

Kuunganisha mifupa. Hapa daktari anakwangua gegedu lililobaki na kuibana mifupa pamoja ili iote na kuwa mfupa mmoja. Neno hili huogopesha, kwani mtu hufikiri mguu utakuwa mkavu kama gogo. Lakini viungo vya upande wa kidole gumba na vya katikati huwa na mwendo mdogo sana hata katika mguu mzima, kwa hiyo kuvifunga hakumzuii mtu kutembea. Kifundo na vidole vinaendelea kukunjika. Hatari iliyopo ni kwamba wakati mwingine mifupa hukataa kuungana, hasa kwa mvutaji sigara.

Ipi ni bora? Madaktari wenyewe bado wanajadiliana. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2006, uliohusu wagonjwa 41 ambao jeraha lao lilikuwa hasa la kano, ulionyesha kwamba waliounganishwa mifupa walipata nafuu zaidi kuliko waliowekewa skrubu. Utafiti mwingine wa mwaka 2009 haukuona tofauti kubwa katika uwezo wa kutumia mguu, ila waliowekewa skrubu walirudi zaidi kwenye upasuaji, hasa kutolewa vyuma. Maana yake ni kwamba jibu linategemea jeraha lako, umri wako, afya yako na kazi yako. Una haki ya kumuuliza daktari kwa nini amekuchagulia njia fulani.

Baada ya upasuaji

Jiandae kutoukanyagia mguu kwa wiki sita hadi nane, kisha kutembea na kiatu kigumu kwa wiki nyingine. Viungo vilivyounganishwa vinaweza kuhitaji muda zaidi. Uvimbe wa jioni huweza kuendelea kwa miezi mingi, na mguu huweza kuchukua mwaka mzima kabla hujaona mwisho wa nafuu yake. Hata upasuaji ukienda vizuri, baadhi ya watu hupata baridi yabisi katika kiungo hicho baadaye.

Pangeni mapema nyumbani. Nani atapika, nani atapeleka watoto shuleni, utapandaje ngazi kwa magongo? Kama ni mguu wa kulia, hutaendesha gari mpaka daktari aruhusu. Acha sigara, kwani huchelewesha mfupa kuunga. Mwenye kisukari adhibiti sukari. Ndama ya mguu ikivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla, tafuta msaada wa dharura, kwani huenda damu imeganda. Kidonda kikitoa usaha, au ukipata homa, piga simu hospitali siku hiyo hiyo.

Kazi na lugha

Kwa wasomaji wetu wa Marekani: ukiumia kazini, mwambie msimamizi siku hiyo hiyo na uhakikishe imeandikwa. Katika majimbo mengi mwajiri analazimika kuwa na bima ya fidia kwa wafanyakazi, lakini ukichelewa kutoa taarifa unaweza kupoteza haki hiyo. Usiseme "nimeteguka tu" kwa kuogopa kufukuzwa.

Hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinapaswa kukupa mkalimani bila malipo. Msingi wa haki hiyo ni Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964. Omba mkalimani unapopanga miadi, na useme ni Kiswahili cha wapi unachokielewa vizuri. Usimtumie mtoto wako. Mtoto hatakiwi kubeba neno zito kama upasuaji wa mzazi wake, na akikosea neno moja wewe ndiye utakayeumia. Usitie sahihi karatasi ya ridhaa kabla haijasomwa kwa lugha unayoielewa.

Maswali ya kwenda nayo

1. Je, mifupa yangu inahama nikisimama?
2. Jeraha langu ni la kano, la mfupa, au vyote viwili?
3. Unapendekeza njia gani kati ya hizi, na kwa nini?
4. Je, vyuma vitatolewa? Lini?
5. Nitakaa muda gani bila kukanyaga, na nitapata lini barua ya kazini?
6. Nisipofanyiwa upasuaji, mguu utakuwaje?

Kata ukurasa huu uuweke pamoja na kadi yako ya bima. Na jirani akikuambia ameteguka mguu na hawezi kukanyaga, mwombe akuonyeshe unyayo.