Dondoo muhimu: Daftari la mwaka uliopita

Kwa kaya inayolima korosho Masasi au Newala, mwaka haufungwi tarehe 31 Desemba, kwani malipo ya mnada huenda bado yanasubiriwa. Ni bora kumbukumbu za daftari zianzie kwenye kupulizia mikorosho salfa, katikati ya mwaka, na kuishia kwenye malipo ya mwisho.

Kila kipindi kipewe ukurasa wake: maua ya mikorosho, jando na unyago, kuokota korosho, mvua. Stakabadhi ya chama cha msingi cha ushirika hubandikwa kwa gundi, na pembeni huandikwa fedha ilikokwenda: ada, bati, deni. Mchoro wa ndoo nao una mahali pake, hasa Newala, ambako maji yamekuwa adimu tangu zamani.

Asiyependa kuandika achore. Kinyago cha ujamaa cha Wamakonde, chenye watu waliobebana katika gogo moja la mpingo, ni mfano bora kabisa. Mchoraji huanza chini na yule aliyewabeba wengine mwaka mzima, kisha huwapandisha waliobaki. Nafasi ya aliyefariki huachwa wazi, na ndani yake huandikwa jina lake.